Mwanangu Yuko Mbali Kiasi Gani?

Mhadhara uliotolewa Munanila, mkoani Kigoma, mbele ya wanafunzi wa sekondari, walimu na wazazi



Swali la leo sikulibuni mimi. Nilipewa na mama mmoja wa hapa hapa Munanila siku ya gulio, yeye akipima maharage, mimi nikingoja zamu yangu. Binti yake yuko New York, huu ni mwaka wa nne, na alikuwa amepiga simu kusema anakuja kusalimia. Mama akaniuliza: "Mwalimu, wewe si ulifundisha jiografia? Huko aliko mwanangu ni mbali kiasi gani?" Nikamjibu papo hapo, kwa sauti ya darasani: "Ukivuta mstari kutoka Kigoma mpaka huko, ni kilomita zipatazo 11,500, mama." Akanifungia maharage yangu, akanikabidhi, akasema: "Sawa. Na hizo ni siku ngapi?"

Sikuwa na jibu. Miaka yote niliyofundisha nilisahihisha madaftari kwa maelfu, longitudo na latitudo, ramani na vipimo, na swali la mama yule halikuwamo hata mara moja. Nilirudi nyumbani nikachukua karatasi na kalamu. Leo nimekuja na hesabu yenyewe, kwa sababu sijui nyumba katika milima hii ya Buha isiyo na mtu wake aliye mbali. Anayemngoja mtu anastahili kujua anangoja nini.

Tuanze na uzi. Kijana aliyekaa hapa mbele ameshika mpira wa miguu. Jana usiku niliuchora kwa wino: hapa ni Kigoma, hapa Dar es Salaam, hapa Nairobi, na huku juu, upande wa pili kabisa, ni New York. Chukueni ramani iliyobandikwa ukutani, muweke rula kutoka Kigoma hadi New York. Rula itapita Kongo, itakata Kameruni, itatambaa Afrika ya Magharibi na kutokea baharini karibu na Dakar. Sasa mwangalieni kijana akivuta uzi juu ya mpira na kuukaza. Uzi umeikataa njia ya rula. Umepanda kaskazini zaidi: umepita Kongo, ukaingia Jamhuri ya Afrika ya Kati, ukapita Kameruni ya kaskazini, Nijeria na Niger, ukakata jangwa la Sahara kupitia Mali na Mauritania, ukatokea Atlantiki kusini kabisa mwa pwani ya Morocco. Ramani ni ngozi ya chungwa iliyobanduliwa na kulazimishwa kulala bapa, ndiyo maana inatudanganya. Uzi hauna ramani. Unatafuta njia fupi tu, na njia fupi kuliko zote juu ya tufe ni kipande cha duara kuu, yaani lile duara ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha dunia.

Ikweta ni duara kuu mojawapo. Ukiigawa kwa nyuzi 360 kama tunavyogawa duara lolote, kila nyuzi moja ni kilomita 111 na ushei. Gawa nyuzi hiyo kwa dakika 60, unapata kilomita 1.85 hivi, na hiyo ndiyo maili ya baharini ambayo manahodha na marubani wanaitumia hadi leo. Kwa hiyo rubani anaposoma umbali, anasoma pembe ya dunia. Kutoka Kigoma hadi New York pembe hiyo ni nyuzi 103 na nusu karibu. Zidisha kwa 111 na ushei wake, utaipata ile 11,500 niliyomtupia mama sokoni.

Hapa kuna jambo lililonishangaza nilipokuwa nikikokotoa, nami ni mtu wa mambo haya. Kutoka Nairobi hadi New York ni kilomita 11,800 na kidogo. Kutoka Dar es Salaam ni kama 12,400. Maana yake, katika miji hii mitatu, ulio karibu zaidi na New York ni Kigoma. Sisi tunaoambiwa tuko pembezoni, mwisho wa reli, tuko mbele ya Nairobi kwa zaidi ya kilomita 300 na mbele ya Dar es Salaam kwa zaidi ya 900.

Lakini binti wa mama yule hapiti kwenye uzi. Alipoondoka, alipanda ndege Kigoma kwenda Dar es Salaam, kilomita 1,080 kuelekea mashariki, na huko aendako ni kaskazini-magharibi. Alikaa kwenye kiti akaruka saa mbili, na aliposhuka alikuwa mbali zaidi na New York kuliko alivyokuwa asubuhi ile akinywa chai kwa mama yake. Kutoka Dar akarudi juu hadi Nairobi, kilomita 670. Ndipo akaianza safari kubwa. Jumlisheni: 1,080 na 670 na 11,840, jumla kilomita 13,590. Tofauti na uzi wetu ni kama kilomita 2,100. Umbali huo ni kwenda Dar es Salaam na kurudi, na wote ni wa kuzunguka.

Sisemi haya kwa kulaumu. Ndege kubwa haiwezi kutua kila mji. Inahitaji abiria wa kuijaza, mafuta, mafundi, na barabara ndefu ya kurukia. Nataka tu wanafunzi mwone kwamba umbali uko wa aina mbili, wa uzi na wa msafiri, na aliyekaa kwenye kiti analipia na kuchoka kwa ule wa pili.

Sasa muda. Air Tanzania ilipofufuliwa mwaka 2016 ilianza na ndege za Bombardier Q400, zile za pangaboi mnazoziona zikitua Kigoma, zenye viti 76. Ikiwa angani imetulia, ndege hiyo inakwenda karibu kilomita 650 kwa saa. Gawanya 1,080 kwa 650: saa moja na dakika 40. Ongeza kama nusu saa ya kutambaa ardhini, kupanda, kushuka na kuzunguka kabla ya kutua; ni saa mbili na dakika chache. Sasa chukueni ndege ya jeti, mathalani Airbus A220 ambayo shirika hilo pia linayo, ya kilomita 830 kwa saa. Gawanyeni tena. Mnapata saa moja na dakika 18. Tumeongeza kasi kwa zaidi ya robo, tumebadili injini, tumetumia ndege ya gharama kubwa zaidi, na tumeokoa dakika 22.

Dakika 22, wapendwa. Naomba mzishike hizo kichwani, nami niwakumbushe wazee barabara ya Mwandiga, karibu na Kigoma mjini, kuja huku kwetu Manyovu ilivyokuwa kabla ya lami. Ni kilomita 60 tu. Nilipokuwa kijana, masika yakiingia, tuliondoka Kigoma mjini asubuhi tukijua tutafika, lakini siku hatuijui. Gari likizama kwenye tope tunashuka, wanaume wanasukuma, akina mama wanatangulia kwa miguu na watoto mgongoni, na mara nyingine giza lilitukuta mlimani na tukalala humo humo kwenye gari tukiwa tumejifunika magunia. Leo mnapanda Probox, mnafika mjini kabla chai haijatoka tumboni. Lami ile iliokoa siku nzima. Hakuna ndege inayoweza kutupa zawadi ya ukubwa huo, hata iruke kwa kasi ya risasi, kwa sababu muda wetu haukuwa ukipotelea angani. Ulikuwa ukipotelea Mwandiga.

Ndiyo maana mimi, mpenzi wa ndege tangu utoto, ninapoona kazi ya barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi hapa Manyovu, kilomita 260 zilizogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, naiona kuwa ni habari ya usafiri wa anga. Mgonjwa wa Kibondo anayewahi ndege ya Kigoma kwenda kwa daktari bingwa Dar es Salaam, barabara hiyo ndiyo inayompunguzia safari yake. Akikaa kwenye kiti cha ndege, sehemu ngumu imekwisha pita.

Turudi angani kidogo, kwenye ile hatua ndefu. Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York kwa ndege ya Boeing 787, Dreamliner. Kabla ya hapo ilikuwa lazima uteremke njiani, mathalani Ulaya au Uarabuni, ubadilishe. Safari ya kwenda ni saa 15 hivi bila kugusa ardhi, ndani wakiwamo marubani wanne wanaopokezana. Kurudi ni pungufu kidogo. Mwanafunzi makini atauliza: uzi ni ule ule, mbona kurudi ni haraka? Ni upepo. Katika latitudo za kati, mahali walipo Wazungu na Wamarekani, kuna mto wa upepo huko juu unaokwenda kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi yao huvuma kwa nguvu sana. Ndege inayoelekea Marekani inapanda mto huo. Inayorudi inateremka nao. Huku kwetu karibu na ikweta upepo wa juu hauna nguvu hiyo, ndiyo maana Kigoma na Dar, kwenda na kurudi, hazipishani sana.

Na mbona inaondoka Nairobi usiku? Sababu mojawapo inawahusu ninyi mnaoishi milimani. Uwanja wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Juu huko hewa ni nyepesi, na hewa ya mchana wa jua ni nyepesi zaidi. Bawa linahitaji hewa nzito ya kulibeba, na injini inahitaji hewa hiyo hiyo ya kuvuta. Ndege iliyobeba mafuta ya saa 15 ni nzito mno, basi inangoja baridi ya usiku iikaze hewa. Mbeba mzigo yeyote wa Munanila analijua hilo kwa mwili wake: mkungu mzito hubebwa asubuhi kungali na ubaridi.

Hivyo saa za angani zinahesabika. Kigoma hadi Dar mbili, Dar hadi Nairobi moja na kidogo, Nairobi hadi New York 15. Jumla haizidi 19. Mama angeweza kuridhika na jibu hilo. Lakini lingekuwa jibu la uongo, kwa sababu binti yake alitumia siku mbili na usiku wake, na kabla ya siku hizo mbili kulikuwa na kitu kingine kilichokula miezi.

Kitu hicho wazee wetu walikiita hongo.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo mwezi Machi akimtafuta Livingstone, akafika Ujiji kwa hesabu yake mwenyewe tarehe 10 Novemba. Zaidi ya siku 230. Burton na Speke kabla yake walitoka pwani Juni 1857, wakaliona Ziwa Tanganyika Februari 1858. Nchi ni ile ile ambayo leo Q400 inaivuka kwa saa mbili. Wanafunzi hudhani miezi ile yote ilikuwa ya kutembea. Haikuwa. Msafara wenye afya ulitembea saa chache kwa siku na kupiga kambi mapema. Siku nyingine zote zililiwa na homa, na wapagazi waliotoroka, na mvua, na vita vya njiani, na mazungumzo marefu ya kulipa hongo kila ulipoingia kwenye himaya ya mtu. Stanley alipoingia Buha, huku huku kwetu, alizuiwa na kudaiwa vitambaa kwa makumi ya doti. Akalipa. Akaambiwa mbele kuna mwingine anayengoja chake, na mbele ya huyo mwingine tena. Kilichobaki hadi Ujiji kilikuwa mwendo wa siku chache tu. Mwishowe akakodi mtu wa kumwongoza, akaondoa msafara usiku wa manane kimya kimya, akapenya msituni ili asikutane tena na wadai.

Katika vitabu vyake watu wetu wanaonekana kama wasumbufu. Mimi naona watawala waliokuwa na nchi yao na mlango wao, na mgeni aliyetaka kupita na bunduki zake. Ninachotaka mkione ni hiki: umbali kutoka Malagarasi hadi Ujiji haukubadilika, lakini muda uliamuliwa na aliyeshika mlango.

Wajerumani walipojenga reli ya kati kuanzia Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914, mwendo wa miezi ukawa wa siku mbili tatu. Lakini reli hiyo hiyo, wakati wa Waingereza, ndiyo iliyowachukua babu zetu kwenda kukata mkonge. Wakala wa kuajiri wa wenye mashamba, SILABU, alianza kazi mwaka 1944, na Kasulu na Kibondo zikawa kisima cha manamba. Wazee waliobaki wanakumbuka. Kutoka hapa hadi Tanga ilikuwa siku chache. Kutoka Tanga kurudi hapa ilikuwa ni mkataba mzima, na wengine hawakurudi. Wajukuu zao wako huko leo, wana majina ya Kiha na hawajawahi kuuona mlima hata mmoja wa Buha. Niambieni, Tanga ilikuwa mbali kiasi gani?

Hongo ya siku hizi ni viza, ni mahojiano, ni muhuri. Na mashahidi wake tumeishi nao. Tangu Novemba 1996 kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imewapokea Wakongo waliovuka ziwa, wengi wao kutoka Kivu ya Kusini, na baadaye Warundi pia. Siku ya hewa safi, mtu akisimama Kigoma ufukweni anaiona milima ya Kongo kwa macho yake. Mtu wa Fizi, huko Kivu ya Kusini, aliye Nyarugusu, kwao ni siku moja ya gari na mashua. Wako waliokaa hapo miaka 20 na zaidi, wakazaa, na waliozaliwa humo nao wakazaa. Kwa kilomita wako jirani na nyumbani, na kwa miaka wako mbali kuliko mtu yeyote ninayemfahamu.

Kisha maelfu yao walihamishiwa Marekani. Wengine mliwaona Kigoma uwanjani, familia nzima, kila mkubwa ameshika ule mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi za IOM, shirika la uhamiaji, ndani yake mna karatasi zote za maisha yao, nao wameambiwa wasiuachie hata wakiwa wamelala. Nauli hiyo walikopeshwa, bila riba, na huanza kuirudisha miezi michache baada ya kufika. Saa zao za angani zilikuwa sawa na za tajiri yeyote aliyekaa ndege moja nao. Lakini mahojiano na uchunguzi na vipimo vya afya vilichukua miaka. Na Januari 2025 serikali mpya ya Marekani iliposimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, safari zilifutwa hata kwa waliokwisha pewa tarehe, watu waliokwisha uza masufuria yao na kuwaaga majirani. Siku ile hakuna kilomita hata moja iliyoongezeka kati ya Kigoma na Marekani. Uzi kwenye mpira huu ungekuwa ule ule.

Nimekaa sana hapo kwa sababu jambo lenyewe linaniuma, na kwa sababu vijana mnaosikiliza mtakuja kuwa maofisa wa mipaka na wa balozi. Mkishika muhuri, mjue mmeshika umbali.

Limebaki jambo moja kabla sijarudi kwa mama, nalo ni saa yenyewe.

Ukivuka mpaka hapo Manyovu kwenda Mugina, Burundi, unarudisha saa yako nyuma kwa saa nzima. Kwa mtoto wa Munanila hilo halihitaji ndege. Anavuka kwa miguu. Lakini wangapi wamewahi kuuliza nani kati yetu anasema kweli ya jua? Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi moja kwa dakika nne. Saa ya Afrika Mashariki imewekwa kwa longitudo 45, ambayo haigusi ardhi ya Tanzania hata kidogo. Inapita Ethiopia na Somalia. Saa ya Burundi imewekwa kwa longitudo 30, na longitudo 30 inapita hapa kwetu, kati ya Kasulu na mpaka. Ndiyo maana jua la Munanila linasimama utosini karibu na saa saba mchana, si saa sita. Na kati yetu na Dar es Salaam jua linapishana kwa zaidi ya dakika 35. Waislamu wa Ujiji wanalijua vizuri: katika mwezi wa Ramadhani redio hutoa adhana ya magharibi kwa Dar es Salaam, wa Dar wanafuturu, nao wa Ujiji wanaendelea kungoja jua ambalo bado lipo juu ya ziwa.

Juu ya hayo, sisi Waswahili tunahesabu saa kuanzia mapambazuko, na tiketi huhesabu kuanzia usiku wa manane. Hapa nitasema la nyumbani kwangu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alipata nafasi ya masomo nje. Tiketi iliandikwa Alhamisi, 02:15. Sisi watu wazima tuliikalia kikao sebuleni, tukaisoma saa mbili na robo usiku, siku ya Alhamisi. Tukamfikisha uwanjani Dar es Salaam Alhamisi jioni, mapema kabisa, tukiwa tumejipongeza. Ndege yake ilikuwa imeondoka tangu alfajiri isiyopambazuka ya siku hiyo hiyo, zaidi ya saa 14 kabla yetu. Dada yangu aliuza ng'ombe wawili kununua tiketi nyingine. Hatukukosa elimu. Tulikosa kuitafsiri karatasi kwa lugha yetu, na lugha yetu inalo neno lenyewe, zuri kuliko tarakimu: usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi, saa nane na robo. Tangu siku hiyo, yeyote anayenijia na tiketi namwambia aisome kwa sauti, kwa Kiswahili, pamoja na "kuamkia" yake, mbele ya mashahidi wawili.

Sasa mama. Yumo humu ndani, amekaa karibu na dirisha, nami nimemwomba ruhusa.

Nilikwenda kwake na karatasi yangu jioni moja. Nikamwambia: mama, mwanao anaondoka New York Alhamisi mchana. Saa hiyo hapa ni usiku, umeshakula, labda unafunga kuku. Usiku wote utakaolala yeye yuko angani. Ijumaa kabla ya adhuhuri atakuwa Nairobi. Hapo atangoja, kisha Dar es Salaam, na ndege ya Kigoma ataipata asubuhi, basi Ijumaa usiku atalala Dar. Jumamosi atatua Kigoma, atachukua gari, atapita Mwandiga, atapanda mlima. Ukihesabu tangu alipofunga mlango wake huko hadi atakapofungua wako hapa, ni kama siku mbili na usiku wake. Hiyo ndiyo hesabu ya njia. Ile nyingine, ya kupata likizo, ya pasipoti, ya nauli ya kuweka kidogo kidogo, mwanao amekwisha ilipa. Ni ile miaka minne.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akakunja vidole kimoja kimoja, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Kisha akauliza:

"Kwa hiyo maharage niyaloweke lini?"

Nikamwambia: Ijumaa usiku, kuamkia Jumamosi.